Sauti Yako Ilikuwa Kwenye Simu ya Ferdinand

Tunduma, 6 Machi 2023

Mdogo wangu Osea,

Mimi mzima, nyumba ipo, mvua zinanyesha. Zaidi ya hapo sina salamu.

Ulipokuja kumzika shemeji yako ulikaa kidogo ukarudi Dar, na mimi sikusema kitu kwa sababu nyumba ilijaa watu. Sasa wameondoka. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nikisikia sauti yako nitaharibu ninachotaka kusema. Utaelewa kwa nini.

Chuma cha lori kilimchana Efraimu shavu la mguu akiwa kazini. Zahanati walimshona, wakamwanzishia sindano za kuua vijidudu, wakamwambia arudi kila asubuhi hadi zitimie. Zilikuwa hazijatimia alipokuja Ferdinand. Unamkumbuka, yule wa kwaya, anayevaa kaunda suti hata siku za kazi. Siku hizi anauza mafuta ya bangi kwenye chupa ndogo, anayatoa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Hasemi bangi. Anasema dawa ya majani.

Alikaa kwenye kochi letu akasema, "Dada Elina, mpumzishe mumeo na sindano. Hii dawa imethibitishwa na mtoto wa hapa hapa kwetu." Akatoa simu, akabonyeza. Ikatoka sauti yako. Ulikuwa redioni, unasema kwenye bangi kuna kitu kinachoweza kutuliza mwili unaowaka kwa maambukizi makali. Efraimu alifurahi sana. Akasema, "Si shemeji huyo!"

Sikukupigia kuuliza. Nikuulize nini, wakati ulikuwa umeshazungumza?

Maumivu yaliisha siku ile ile. Akala, akataniana na wateja wangu wa vitenge mlangoni. Sindano akaziacha. Halafu asubuhi moja mikono yake ikawa ya baridi, anahema mbiombio, ananiita kwa jina la mama yake. Alifia kwenye bajaji tukiwa njiani kwenda hospitali.

Sasa niambie, ulichosema redioni ni kweli au si kweli? Andika Kiswahili cha watu.

Elina


Dar es Salaam, 15 Machi 2023

Dada yangu Elina,

Nimeisoma barua yako nikashindwa kwenda kazini. Naomba unisikilize hadi mwisho.

Mtu akiumia, mwili hupeleka askari wake pale penye jeraha. Panavimba, panapata joto, panauma. Vitabu vyetu vinaita hali hiyo mchochota. Kwa kawaida ni jambo jema. Lakini vijidudu vikiingia kwenye damu, mchochota unasambaa mwili mzima, na wale askari wanaanza kubomoa nyumba yao wenyewe: figo, mapafu, mishipa. Ndicho kilichomuua shemeji.

Kwenye seli zetu kuna vipokezi, yaani sehemu ndogo zinazopokea ujumbe na kuiambia seli ifanye nini. Viko viwili vinavyopokea kemikali za bangi. Kimoja kiko zaidi kwenye ubongo, na pia kwenye mishipa na moyo. Kikiguswa, maumivu yanapungua, lakini presha inaweza kushuka, na mgonjwa mwenye maambukizi kwenye damu presha yake tayari inaporomoka. Kingine kiko zaidi kwa wale askari. Kikiguswa, wanatulia. Sisi huku maabara tunatafuta dawa itakayogusa hicho cha pili peke yake, kwa kipimo sahihi na wakati sahihi, huku mgonjwa akiendelea na dawa za kuua vijidudu. Ukiwatuliza askari wakati usiofaa, vijidudu vinashinda. Hatujafika kwa binadamu.

Mafuta ya Ferdinand yanagusa vyote viwili bila kipimo. Yalimwondolea Efraimu maumivu, akadhani amepona. Vijidudu viliendelea kula. Sindano alizoacha ndizo zilikuwa dawa.

Kwa hiyo nilichosema ni kweli, na Ferdinand alikata maneno yangu. Nitakuja. Tutaenda polisi pamoja.

Mdogo wako,
Osea


Tunduma, 10 Aprili 2023

Osea,

Nimeelewa. Umeeleza vizuri. Ungeeleza hivi redioni, Efraimu angekuwa anatengeneza malori sasa hivi.

Gloria wa duka la simu alinitafutia kipindi kizima mtandaoni. Nimekisikiliza jikoni nikichambua mchele. Ni kweli Ferdinand alikata. Lakini neno panya, kwamba mmejaribu kwa panya tu, ulilisema mara moja tu, mwishoni, mtangazaji akiwa ameshaanza kukuaga, na ulilisema ukicheka. Nakuambia tu ujue kwamba nimesikia.

Usije. Usiende polisi, usimpigie Ferdinand. Kifo cha mume wangu ni changu.

Biashara ya vitenge imelala. Nimepata shughuli nyingine ndogo inayonitosha. Nalala vizuri kuliko mwezi uliopita.

Elina


Dar es Salaam, 19 Juni 2023

Dada,

Shangazi Tusekile amenipigia kutoka Ndalambo. Alikuwa analia kwa aibu. Anasema unauza mafuta ya Ferdinand. Anasema Jumamosi mkutano ulijaa nyumbani kwa Ferdinand, ukasimama mbele za watu ukasema sindano ndizo zilizomuua Efraimu, na kwamba mafuta yalimpa siku zake za mwisho za raha. Anasema Ferdinand, kwa kuwa naye alifiwa na mke, ameanza kuulizia mahari yako.

Nimemwambia shangazi amekosea mtu. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa nimekaa mstari wa pili."

Nilikuandikia kwa mkono wangu jinsi mafuta yale yalivyomuua shemeji. Ulisema umeelewa. Nimejaribu kukutetea kichwani mwangu nimeshindwa. Ni njaa? Ungeniambia. Ni upweke? Wako wanaume wengine Tunduma nzima.

Mimi hapa kila asubuhi naingia maabara, nawashika panya wangu, nasikia sauti yako ikiwaambia watu waache sindano. Kama ni mimi unayeniadhibu, niadhibu mimi. Waache wagonjwa.

Osea


Tunduma, 27 Juni 2023

Osea,

Nilitaka usijue, ili siku ukiulizwa usiwe na la kusema. Lakini siwezi kukubali wewe ufikiri nimelala na muuaji wa Efraimu. Soma, kisha choma.

Ningeenda polisi Machi wangekuta chupa chache chini ya kitanda. Angelala mahabusu, angetoka, angerudi kwaya. Hilo halinitoshi. Nilitaka anaswe na mzigo mzima mikononi, anaouleta mwenyewe, ili akirudi uraiani awe hana jino. Na mtu hakuonyeshi mzigo wake mpaka akuamini. Kwa hiyo nikaenda kwake na nguo zangu nyeusi, nikamwambia nimeona mafuta yake ni kweli. Alinikumbatia. Nilivumilia.

Sasa ananitumia ujumbe wa sauti kutwa. "Elina, nenda kwa fulani, mwambie asiguse sindano." Mimi namjibu, "Sawa, baba." Wateja wa Nakonde wakija na salamu zao za mulishani, mimi ndiye nawapokea. Mzigo mkubwa unavuka wiki ya tatu ya Julai. Nimeshaongea na afande mmoja mwanamke, Priska, mimi na yeye tu. Anasubiri nimtajie siku.

Kuhusu wagonjwa: mafuta anayonipa namwaga chooni, chupa naijaza alizeti. Chache nimezihifadhi bila kuzigusa. Nikifika kwa mgonjwa natoa chupa mbele ya watu, halafu namvuta mmoja pembeni namwambia wampeleke hospitali. Wengi wameenda. Sijui kama wote. Sitafuti kujua.

Na shangazi mwambie mahari yangu haijapangwa bado.

Elina


Dar es Salaam, 4 Julai 2023

Dada Elina,

Nimechoma.

Nakuomba radhi kwa nilivyokuandikia, na nakuomba uache. Umeandika "sitafuti kujua". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Alizeti haina sumu, lakini mgonjwa aliyepewa alizeti akabaki nyumbani amekosa dawa sawasawa na Efraimu. Maambukizi kwenye damu hayasubiri mzigo uvuke. Mtu anaweza kuwa anaongea mchana, jioni hayupo.

Mwambie Priska avamie na hizo chupa chache. Kifungo kidogo kinatosha.

Osea


Tunduma, 24 Julai 2023

Osea,

Mzigo haukuvuka. Nitakueleza ilivyokuwa, halafu usinilaumu, kwa sababu nimeshajilaumu vya kutosha na sijaona faida yake.

Jumanne Ferdinand alinituma kwa mama mmoja anayeitwa Ketrina, mitaa ya juu kule. Mkwe wake, Goodness, alikuwa amejifungua wiki ile, ana homa. Nikaenda na chupa yangu ya alizeti. Yule binti alikuwa amelala chini kwenye mkeka, anahema kama mtu aliyekimbia. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Osea, nilikuwa naujua ule mkono.

Nikamvuta Ketrina pembeni. Nikamwambia, "Mama, mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje."

Akanitazama. "Si wewe uliyesimama pale kwa Ferdinand ukatuambia sindano ndizo zilizomuua mume wako?"

"Ni mimi."

"Basi unataka mkwe wangu naye wamchome afe?"

"Nilidanganya, mama."

"Ulidanganya ukiwa unalia vile? Nilikushika mgongo mimi mwenyewe."

Hakunisikia. Nilikuwa nimeigiza vizuri mno. Mume wa binti yuko safarini Zambia na lori, hakuna mwingine wa kuamua. Na Ferdinand mwenyewe akaingia, amekuja kuona dawa inavyofanya kazi, kaunda suti imepigwa pasi. Akasema, "Dada Elina, vipi, mbona hujampa?"

Siku nne tu zilikuwa zimebaki. Nilihesabu. Sitakuficha kwamba nilihesabu, binti akiwa pale miguuni pangu. Nikamtazama Ferdinand nikaona jinsi atakavyokuwa amefungwa pingu pale mpakani, mzigo pembeni yake, watu wakimwangalia. Picha hiyo ndiyo niliyokuwa naishi nayo tangu Machi.

Halafu nikafungua chupa, nikainywa yote mbele yao. Nikamwambia Ketrina, "Hii ni alizeti, kaangia mboga. Haijawahi kumponya mtu. Mume wangu alikufa kwa sababu ya huyu, na mimi nimekaa kwake miezi hii ili nimfunge. Nikikuongopea Mungu anichukue leo. Mbebe mkweo."

Ferdinand alisema, "Amechanganyikiwa na msiba." Taratibu kabisa, kama anasoma neno kanisani. Lakini Ketrina alikuwa ananitazama mimi. Akainama, akamshika binti kwapani, akaniambia, "Shika miguu."

Goodness yuko hai. Wamemtoa kizazi. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, angekufa.

Ferdinand alihamisha kila kitu kabla hatujarudi. Priska alikuta nyumba imefagiwa. Jumapili alikuwa kwaya. Alipopita karibu yangu alisema, "Pole sana, Elina. Nakuombea."

Elina


Dar es Salaam, 31 Julai 2023

Dada yangu,

Sitakulaumu. Umemwokoa mtu. Kwangu hiyo inazidi mzigo wowote.

Sasa tumwachie Mungu na serikali. Nimeongea na wakili rafiki yangu, naye anasema hivi: bila mzigo kesi ni dhaifu, na familia zilizonunua hazitajitokeza kwa sababu kununua ni kosa pia. Ushahidi pekee ni zile chupa ulizohifadhi na ujumbe wa sauti kwenye simu yako. Lakini ushahidi huo unakufunga wewe kwanza. Kila alipokutuma, ulijibu sawa. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ulikuwa unajaza alizeti.

Kwa hiyo nakusihi, futa ujumbe ule. Zile chupa zitupe mtoni. Njoo ukae kwangu Dar. Nitakutafutia fremu ya vitenge Kariakoo. Ferdinand atakosea siku nyingine na mtu mwingine atamkamata.

Nijibu haraka.

Osea


Tunduma, 9 Agosti 2023

Osea,

Simu na chupa nimempa Priska jana. Nimeandikisha maelezo kwamba nilikuwa muuzaji wake, kwamba nilimjibu sawa, na majina ya wanaomletea kule ng'ambo. Ferdinand amechukuliwa asubuhi hii akiwa anachota maji. Mimi nimeambiwa nirudi mchana na nguo za kubadilisha.

Mtu mwingine atamkamata, unasema. Mtu mwingine nani? Nimemtafuta huyo mtu, sikumwona.

Wakili wake yeyote atacheza sauti yako mahakamani kuonyesha kwamba ile ni dawa. Kwa hiyo utaitwa. Ukiitwa njoo, na useme yote, hata yatakayoniumiza mimi. Na lile neno uliloliacha mwishoni ukicheka, safari hii lianze.

Ufunguo wa nyumba nimemwachia shangazi.

Elina


Dar es Salaam, 2 Machi 2024

Dada Elina,

Natuma barua hii kupitia ofisi ya gereza, najua watu wengine wataisoma kabla yako.

Jana sikuruhusiwa kukusogelea. Nilikuona umekaa kati ya askari magereza wawili, umekonda. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mtaalamu, nikajikuta nakuangalia wewe tu.

Wakili wa Ferdinand alicheza sauti yangu. Nilijisikia kama namsikiliza mtu mwingine, kijana mchangamfu anayetaka apendwe na mtangazaji. Kisha mwendesha mashtaka akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema, "Nafanya utafiti kwa panya." Nikaona umefumba macho.

Nikaeleza vipokezi vyote viwili, kama nilivyokuandikia. Hakimu aliuliza, "Kwa hiyo dawa hiyo ipo au haipo?" Nikamjibu kwamba kuna matumaini, lakini dawa haipo, na hata ikipatikana haitachukua nafasi ya sindano.

Halafu wakili akauliza mtu anayemwambia mgonjwa aache sindano ni mtu gani. Nikasema mimi ni mtaalamu wa dawa, siyo wa watu. Akasema, "Basi tuseme dada yako." Hakimu akaniambia nijibu. Nikasema, "Anamwondolea mgonjwa kinachomponya. Awe yeyote."

Uliitikia kwa kichwa. Watu walikuona. Mimi nililia baadaye, stendi, mbele ya abiria.

Hukumu zenu ziliposomwa jioni ile ile, Ferdinand alipewa miaka mingi kuliko yako. Alipokuwa anatolewa alikuuliza kitu, sikusikia. Alisema nini?

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko mezani, sijaipeleka. Sijui nitawezaje kuendelea na kitu hiki.

Mdogo wako,
Osea


Gerezani, 20 Machi 2024

Mdogo wangu Osea,

Niko salama. Tunalima mahindi, tunashona. Mgongo unauma lakini usingizi upo.

Aliniuliza, "Elina, umepata faida gani?" Nikamwambia, "Nimekuona ukipita mlango ule." Nilimaanisha. Nilikuwa tayari kupita wa kwangu mara mbili ili nimwone akipita wa kwake mara moja. Wenzangu humu wananiambia nitajuta nikizeeka. Pengine. Leo sijuti.

Goodness alikuja na mama mkwe wake na mtoto. Tuliongea kupitia wavu. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Alisema, "Ungesema ukweli siku ile ya mkutano, nisingekaa ndani na homa." Nikamwambia ni kweli. Ketrina aliniletea karanga.

Hiyo ndiyo sehemu yangu na nitaibeba. Ya Ferdinand sibebi.

Barua ya kuacha kazi ichane. Nilikuwa na hasira na wewe kuliko ulivyojua. Nilipomwambia Priska akuite, sikufanya kwa ajili ya kesi tu. Nilitaka usimame mbele ya watu wa kwetu useme lile neno kwanza, uone nyuso zao zinavyobadilika. Ulilisema. Basi, na wewe tumemalizana. Ukiacha, nani atatafuta hicho kipokezi cha pili? Akina Ferdinand watabaki peke yao na simu zao. Endelea na panya wako. Siku mkipata dawa ya kweli, ielezeni kwa maneno ambayo Efraimu angeyaelewa akiwa chini ya lori.

Mchungaji anakuja Jumapili. Mara ya kwanza aliniuliza kama niko tayari kumsamehe Ferdinand. Nikamwambia bado. Akasema atauliza tena Jumapili inayofuata. Nikamwambia aulize tu, mimi nipo.

Dada yako,
Elina